Siku nne Bristol: anza na tope, kisha shuka chumba cha chini

"Kaka, kabla hatujakata tiketi yoyote, njoo kwanza uone tope." Hayo ni maneno ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma Bristol, mji wa magharibi mwa Uingereza, mwaka wa pili sasa. Tulisimama ukingoni mwa mfereji uitwao New Cut, saa mbili za asubuhi, maji yamekupwa. Mto Avon ulikuwa umebaki kijito chembamba cha rangi ya chai ya maziwa, huku na huku kuta za matope zinang'aa. Mimi mtoto wa Malindi, Unguja, nimekua nikiona majahazi yakilala ubavu maji yakitoka, nikadhani najua maana ya kupwa na kujaa. Bamvua letu ni kama mita nne. Kwenye mlango wa mto huu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 12.

Ukishaliona hilo tope, mji mzima unaanza kueleweka. Bandari ya zamani iko ndani, mbali na bahari, na zamani meli zilikuwa zikikaukiwa na maji na kuachwa juu ya tope mara mbili kwa siku, zikiwa na shehena. Meli dhaifu ilivunjika mkuku. Shehena isiyofungwa vizuri ilimwagika. Ndiyo maana hadi leo Waingereza hulitaja jina la Bristol wanapokisifu kitu kilichopangwa sawasawa. Mwaka 1809 mhandisi William Jessop alimaliza kuufunga mto wa zamani kwa malango, maji ya ndani yakawa hayatoki tena, na mkondo wa kupwa na kujaa ukapitishwa kwenye mfereji mpya. Kwa hiyo pale gatini, wageni wanapopanda viboti na kunywa kahawa, ni mto uliozuiwa usikupwe. Anayeanzia gatini bila kupita New Cut ataona bwawa zuri tu.

Siku ya pili niliitoa yote kwa meli ya SS Great Britain. Tiketi ni ghali kwa mtu anayehesabu kwa shilingi, na hata hivyo ningeilipa tena. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel aliijenga kwa chuma, urefu wa mita 98, ikiendeshwa na rafadha badala ya magurudumu ya pembeni, wakati meli kubwa bado zilikuwa za mbao. Ilishushwa majini tarehe 19 Julai 1843. Ikabeba abiria kwenda New York, kisha maelfu ya wahamiaji kwenda Australia, hatimaye ikaishia visiwa vya Falkland ikiwa ghala la makaa ya mawe, na mwaka 1937 ikazamishwa kwenye maji mafupi ikaachwa hapo. Mwaka 1970 ikaelekwa juu ya tishari na kuvutwa kuvuka Atlantiki, ikaingizwa tarehe ileile ya 19 Julai katika chelezo kilekile ilichojengwa.

Kinachokugusa kiko chini. Usawa wa maji wameweka kioo, na juu ya kioo pana maji kidogo, hivyo ukiwa gatini unaiona meli inaelea. Unateremka ngazi, unajikuta chini ya hicho kioo, mwanga wa maji unacheza juu ya kichwa chako, na mbele yako tumbo la chuma lenye matundu ya kutu. Hewa ya humo ni kavu kabisa, mashine hazizimwi, maana chumvi imeshaingia ndani ya chuma na unyevu kidogo tu utaimaliza meli. Yeyote aliyewahi kumiliki boti pwani anajua chumvi inavyokula chuma. Hapa nimeona watu wanaopigana nayo kila siku, nikawaheshimu. Juu, vyumba vya abiria wa daraja la chini ni vyembamba mno, na harufu zimetengenezwa makusudi: mkate, farasi, matapishi. Nendeni mapema, kabla watoto wa skuli hawajajaa.

Sasa nieleze lililoniudhi. Siku ya tatu nililipia ziara ya kutembea kwa miguu, saa mbili nzima. Tulivuka Pero's Bridge, daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 1999, lenye pembe mbili kubwa za chuma. Kiongozi wetu akazisifu pembe, akasimulia makufuli ya wapendanao, akaendelea mbele. Nilimuuliza Pero ni nani. Akajibu kuwa alikuwa mtumishi wa mfanyabiashara mmoja wa hapa, basi, tukaenda kuonyeshwa baa ya kale. Nimezaliwa mji ambao wageni huletwa Mkunazini, wakasimama palipokuwa soko la watumwa, wakaambiwa lilifungwa 1873. Najua kazi ya kutembeza wageni. Jina likishaandikwa juu ya daraja, mwenye jina anastahili kusimuliwa.

Tulimtafuta wenyewe. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache, kilima kidogo, hadi Great George Street, kwenye Georgian House. Kuingia ni bure. Ni nyumba ya John Pinney, tajiri wa sukari aliyekuwa na mashamba kisiwani Nevis, Karibi. Pero Jones alinunuliwa mwaka 1765 akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Pinney alipohamia Bristol alimleta, naye akamtumikia humu hadi alipofariki mwaka 1798. Nyumba ni nzuri, siwezi kuficha: meza, vitanda, jiko la chini. Halafu unateremka zaidi unakuta bwawa la mawe la maji baridi, alilokuwa akijitumbukiza bwana mwenye nyumba. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Mkunazini nako unateremka chini ya jengo, unainama, unaingia vyumba vya giza. Kwetu nilionyeshwa mahali watu walipouzwa. Hapa niliona fedha za mauzo hayo zilikooga.

Baada ya hapo nenda M Shed, makumbusho ya mji, nayo ni bure. Meli za Bristol zilifanya safari zaidi ya 2,000 za biashara ya watumwa kati ya 1698 na 1807. Sanamu ya Edward Colston, aliyetajirika kwa biashara hiyo, ilisimamishwa mwaka 1895, ikaangushwa na waandamanaji tarehe 7 Juni 2020 na kutupwa majini karibu na hilo daraja la Pero. Sasa imelazwa humo ndani, na rangi waliyoipaka haijafutwa. Msipite bila kusoma pia habari za mgomo wa mabasi wa 1963, Paul Stephenson na wenzake walipowashawishi watu wasipande mabasi yaliyokataa kuajiri makondakta weusi. Miezi minne, wakashinda.

Saa ya Corn Street mtu wa kwetu ataipenda. Ina akrabu mbili za dakika: moja ya London, nyingine ya Bristol, ambayo iko nyuma kwa dakika kama kumi, kwa kuwa jua huchelewa kufika huku magharibi. Mji ulikubali saa ya London mwaka 1852. Sisi tunaosema saa mbili wakati simu inaonyesha nane, hatuhitaji kuelezwa.

Daraja la Clifton, la 1864, linaning'inia kama mita 75 juu ya mto, na kwa miguu hulipi. Brunel alishinda shindano la kulibuni akiwa kijana, akafa miaka mitano kabla halijafunguliwa. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Mnara wa Cabot ni ngazi nyingi kwa mandhari nzuri. Mimi goti liliuma, nikatosheka na mara moja.

Treni kutoka London Paddington huchukua chini ya saa mbili. Chakula cha halali tulikipata St Marks Road, penye msikiti na maduka ya viungo. Mwenye siku moja tu, namshauri New Cut asubuhi, meli, kisha Georgian House. Hiyo ya mwisho haifunguliwi kila siku, tazameni ratiba yake kabla ya kununua tiketi ya treni.