Kompyuta ya gemu iliyosemwa vibaya: ipi bado inafaa kununuliwa?

Kompyuta za gemu zinazouzwa zikiwa tayari zimeunganishwa hazina bahati na wanunuzi. Karibu kila moja ina mtu aliyeipa nyota moja na kuilaani. Mimi huanza na hao hao, nikijiuliza: hili analolilalamikia, bisibisi na jioni moja havitalimaliza?

Mengi yanamalizika. "Imefika haiwaki": huenda kadi ya grafiki ni nzito, ikachomoka kwenye sloti yake njiani. "Gemu zinakwama": tazama waya wa monita umechomekwa wapi. Ukiuchomeka kwenye bodi mama badala ya kwenye kadi, kadi uliyoilipia inakaa bure. Kosa hilo nililifanya wiki nzima huku nikimsema muuzaji wa watu. "RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni kijiti kimoja": ongeza cha pili kinachofanana nacho, utaona tofauti.

Lipo la kuchukulia kwa uzito. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba prosesa zake, yaani ubongo wa kompyuta, za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilikuwa zikipata volteji kupita kiasi na kuharibika. Ilitoa marekebisho ya BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye bodi mama, na kuongeza waranti kwa miaka 2. Mashine mpya iliyosasishwa BIOS haina neno, lakini prosesa iliyokwisha kuumia haiponyeshwi na programu. Ukinunua iliyotumika, cheza nayo gemu zito dukani kabla ya kutoa hela.

Kwa mizani hiyo, mimi nazipanga hivi.

Namba moja ni ile iliyoundwa kwa vipuri vya kawaida, bodi mama za vipimo vya kawaida viitwavyo ATX au micro-ATX, hata wakiisema ina kelele na kesi (sanduku la nje) mbaya. Feni hubadilishwa, kesi hubadilishwa, pawasaplai pia, na fundi yeyote wa Kariakoo anajua pa kuanzia. Ikiwa na kadi ya grafiki ya RTX 4060 au 5060 inatosha kwa monita ya 1080p (Full HD). Omba picha ya ndani, upande umefunguliwa, kabla ya kulipa. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia seva za akili unde, kwa hiyo mashine iliyokaa dukani na RAM yake ya bei ya zamani inaweza kuwa nafuu kuliko kuunda yako.

Ya pili ni mashine ya ofisini iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uichomekee kadi. Wanaolalamika kwamba pawasaplai yake ni ndogo wanasema kweli, basi tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme: RTX 3050 ya GB 6 hula wati 70 tu. Chukua yenye kesi ndefu, maana ile nyembamba hukubali kadi fupi pekee. Prosesa iwe Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Chini ya hapo Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada Oktoba 14, 2025.

Ya tatu: Alienware Aurora, kompyuta ya gemu ya Dell, na wenzake. Zina nguvu, lakini nyingi zina bodi ya umbo la kampuni yenyewe. Lawama hiyo bisibisi haiifikii. Bodi ikiungua huweki ya dukani. Nunua kama bei imeshuka kweli.

Ya nne ni ya kuletewa na ndugu aliye Marekani. Angalia nyuma ya pawasaplai: ikiwa na swichi ya 115 na 230, isogeze kwenye 230 kabla ya kuichomeka ukutani, la sivyo utasikia mlio. Mwambie pia aichomoe kadi na kuifunga peke yake. Waranti ihesabu imebaki hukohuko.

Nisiyoigusa ni ile "Core i7" yenye taa za rangi kama harusi, bei ya kutupa, ndani prosesa ya kizazi cha 2 na kadi ya GT 730 ya mwaka 2014. Nimeona ikisifiwa, kwa kuwa taa zinawaka. Muulize muuzaji ni i7 ya kizazi gani. Akikujibu "ni i7 tu, kaka," mshukuru uende duka la pili.