EB Garamond kwa vitabu vya mashairi: nimeitumia miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Mi napanga kurasa za vitabu vidogo vidogo hapa Tanga, vya madrasa, vya harusi, ila sanasana mashairi, maana huku ukipita mitaa mitatu ya Ngamiani hukosi mtu mwenye daftari la tungo anatafuta wa kumchapia. Miaka yote nilikuwa natumia fonti, yani umbo la herufi, ya Times New Roman kwa sababu ndo ipo kwenye kila kompyuta, na kwa barua haina neno, ila kwenye shairi ilikuwa inanitesa. Mwaka huu nikahamia fonti ya EB Garamond. Ni ya bure kabisa, unaishusha Google Fonts, na leseni yake inakuruhusu kuuza kitabu ulichokipanga nayo bila kumlipa mtu senti.

Mateso yenyewe ni haya. Tarbia ya kawaida, shairi la mishororo minne kila ubeti, mshororo una mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, nane za utao, kipande cha pili, na vijitabu wateja wangu wanavyomudu ni vya A6, yani karatasi moja ya A4 unapata kurasa nane. Sasa Kiswahili kina herufi pana kila mahali, m na w hazikauki, halafu ng' ndo usiseme. Angalia mshororo huu, nimeutunga sasahivi kwa mfano tu:

Walimwengu wanasema, mwungwana hanung'uniki

Kwa Times saizi 12, ukiacha pambizo ya sentimita 1.2 kila upande, hauingii, hilo "hanung'uniki" linadondoka peke yake mstari wa chini. Kwa mtu anayesoma hadithi si tatizo, lakini shairi linaimbwa, na mwimbaji akifika pale jicho linamwambia mshororo umeisha, anavuta pumzi mahali ambapo malenga hakuiweka, basi mahadhi yote yamevurugika na kina cha mwisho kimepotea. EB Garamond saizi 11 mshororo uleule unakaa mzima, na nafasi inabaki.

Hizi herufi asili yake ni za Claude Garamond, mchonga herufi wa Paris aliyefariki 1561, zama hizo kila herufi inachongwa kwa mkono kwenye ncha ya chuma. Georg Duffner wa Austria alichukua karatasi ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592 na karakana ya Egenolff-Berner, hiyo EB ndo inatoka hapo, akazichora upya kwa kompyuta. Italiki zimefuata za Robert Granjon, naye wa zama zilezile, na mimi italiki ndo zimenimaliza kabisa, nimeziweka kwenye vibwagizo, zinainama kama mwandiko wa mtu mwenye mkono mzuri, mtu akifungua ukurasa tu anakiona kibwagizo kabla hajaanza kusoma.

Kitu kingine ni f na i. Kiswahili kimejaa rafiki, safi, hafifu, fikira, na kwenye fonti nyingi kichwa cha f kinagongana na nukta ya i. Hapa zina umbo lao moja lililounganishwa, ila kwenye Word lazima uliwashe mwenyewe: ingia Font, Advanced, halafu Ligatures chagua Standard Only. Watu wengi hawajui hilo, wanaishia kusema fonti haina kitu.

Sasa kasoro, na si ndogo. Herufi ndogo zake ni fupi, saizi 11 ya hapa machoni ni kama 10 ya Times, na mistari yake ni myembamba. Nakala ya kwanza nilimpelekea mzee mmoja malenga wa Makorora, nikampa shikamoo nikamkabidhi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaniambia "Mwanangu, herufi zako zimekonda, kwani bado nina macho ya ujana?" Na alikuwa na haki, mashine ya fotokopi yenye tona inayoelekea kuisha inakula ile mistari myembamba, e inabaki kama c. Dawa ni kuacha Regular, ile ya unene wa kawaida, ukachukua Medium, nene kidogo. Uzito huo uliongezwa baadaye na mchora herufi Octavio Pardo, sasa uzito upo wa aina tano, kuanzia Regular mpaka ExtraBold iliyo nene kuliko zote. Nikaweka Medium saizi 11.5, pambizo nikapunguza kidogo, mishororo yote ikakaa.

Na jamani, msipeleke faili la Word stesheneri. Mi nilipeleka kwenye duka moja hapa mjini, kompyuta yao haina hii fonti, ikaweka nyingine yenyewe bila kuuliza, mishororo ikakatika kitabu kizima na mimi nimeshalipia nakala 40. Hela imeenda. Hifadhi PDF ndo upeleke, fonti inasafiri humohumo ndani.

Kwa vitabu vya mashairi naipa nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya wembamba wa Regular. Kwa matangazo ya ukutani sikushauri, ukiwa mbali huioni.

Mzee wa Makorora nilimrudishia ile ya Medium Ijumaa iliyopita baada ya swala. Safari hii hakuisogeza, aliifungua katikati akaanza kuimba palepale barazani, beti sita mfululizo.