Pasi ya Whimit kwa watu wawili, Sydney hadi Cairns: siku 15 zinatosha, mradi zianzie Noosa

Whimit ni pasi ya mabasi ya Greyhound Australia inayohesabu siku. Haihesabu kilomita wala idadi ya safari. Siku ya kupanda basi la kwanza ndiyo siku ya kwanza, na tangu hapo siku hazisimami, mkisafiri au mkilala ufukweni. Ndani ya muda huo mnapanda na kushuka mpendavyo, kwenda kaskazini, kurudi kusini, hata kurudia kipande kilekile. Kila mtu ananunua yake, kwa jina lake.

Kwa wawili wenye mabegi mgongoni na bajeti ya kubana, ni huduma nzuri. Kasoro iko kwa namna inavyonunuliwa. Wengi huchukua pasi ndefu, wakaianzia Sydney, kisha wakakaa siku sita Byron Bay na nne Brisbane bila kugusa basi. Hizo ni siku kumi zilizolipiwa watu wawili. Nunueni ya siku 15, na msipande basi lake hata moja kabla ya Noosa, mji wa pwani kaskazini mwa Brisbane.

Sababu ni nauli za jimbo la Queensland. Tangu Agosti 2024 usafiri wa umma wa Translink unatozwa senti 50 kwa safari, iwe fupi au ndefu, na mwaka 2025 bei hiyo ikafanywa ya kudumu. Eneo la kusini mashariki la mtandao huo linaanzia Coolangatta, mpakani na jimbo la New South Wales, linapita Gold Coast na Brisbane, linafika mpaka Noosa na hata Gympie. Basi la mjini kutoka Coolangatta linawafikisha kwenye tramu. Tramu inakwenda Helensvale. Hapo mnadaka treni ya Brisbane. Kutoka Brisbane treni ya Nambour huchukua takribani saa mbili, na Nambour kuna basi la Noosa. Hata kila chombo kikikata senti 50 zake, safari nzima kutoka Coolangatta hadi Noosa haizidi dola mbili na nusu kwa mtu. Hakuna pasi inayoshindana na hilo. Treni ya uwanja wa ndege wa Brisbane haimo kwenye senti 50, na ni ghali. 

Mnalipa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine. Kila mmoja aguse kadi yake, kwani kadi moja haiwezi kubeba abiria wawili. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyomo kwenye simu zinahesabika kuwa vitu viwili, kwa hiyo ukigusa simu kuingia, gusa simu kutoka. Ukisahau kugusa unaposhuka, mfumo haujui ulikoishia na unaweza kukutoza zaidi. Sydney utaratibu ni huohuo, ila kule kuna kikomo cha matumizi kwa siku, na kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kikomo hicho ni cha chini kuliko siku nyingine. Feri ya Manly iwekeni siku hizo.

Kipande cha Sydney hadi Byron Bay, zaidi ya kilomita 750, kilipieni tiketi moja tu, na kile kifupi cha Byron hadi Coolangatta vivyo hivyo. Basi la usiku linaokoa malazi ya usiku mmoja. Njia nyingine ni treni ya NSW TrainLink hadi Casino, ambapo basi la kuunganisha huwapeleka Byron kwa tiketi hiyohiyo. Linganisheni bei za siku yenu. Anayewahi kununua kwa kawaida hupata nafuu.

Kuna mtego mpakani unaowaacha watu stendi kila mwaka. New South Wales husogeza saa mbele kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Queensland haisogezi. Kwa miezi hiyo sita, saa nne asubuhi Byron ni saa tatu asubuhi Coolangatta, ingawa ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ratiba huandikwa kwa saa ya mahali basi linapopita. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kudaka mnara wa upande wa pili na kubadilika yenyewe, ukaamini kengele yako ikakudanganya. Zimeni saa ya kujirekebisha, mweke eneo kwa mkono mpaka mvuke.

Sasa siku 15 zenyewe. Siku ya kwanza Noosa hadi Hervey Bay, mlale usiku tatu: siku moja ni ya K'gari, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya mchanga duniani, ambacho hadi 2023 kiliitwa rasmi Fraser Island. Siku ya nne jioni pandeni basi la usiku kwenda Airlie Beach. Hiki ndicho kipande kirefu, zaidi ya saa kumi na mbili, na ndicho kinachoilipa pasi. Mnafika siku ya tano, mnakaa usiku nne, mnakwenda visiwa vya Whitsunday kwa boti. Siku ya tisa mnaingia Townsville na kuvuka kwa feri ya dakika 20 hivi kwenda Magnetic Island, usiku tatu. Njia ya Forts kisiwani, kama saa mbili kwenda na kurudi, haina kiingilio, na kwenye mikaratusi yake koala huonekana wakiwa huru. Siku ya kumi na mbili Mission Beach, usiku mbili, halafu siku ya kumi na nne Cairns. Inabaki siku moja, na msiitumie kwa starehe. Hiyo ni ya basi lililojaa, au ya barabara iliyofungwa.

Basi kujaa si jambo la nadra. Pasi haikupi siti. Inakupa haki ya kukata siti, na kila kipande lazima kikatwe kwenye programu yao. Kosa la kawaida ni kungoja mpaka asubuhi ya safari, mkakuta imebaki nafasi moja nanyi mko wawili. Kateni siti za mabasi ya usiku mapema, tangu siku mnayoanza pasi. Mipango ikibadilika, badilisheni kabla basi halijaondoka badala ya kuiacha siti ipite tupu.

Kabla ya kulipa fanyeni hesabu moja. Andikeni vipande vyote vitano, Noosa–Hervey Bay, Hervey Bay–Airlie, Airlie–Townsville, Townsville–Mission Beach, Mission Beach–Cairns, na mtafute bei ya tiketi moja moja kwa tarehe zenu. Jumla ikizidi bei ya pasi, chukueni pasi. Ikikaribiana nayo, bado chukueni, kwa kuwa inawapa uhuru wa kubadili siku. Ikiwa mnaruka Mission Beach na Magnetic Island, tiketi moja moja mara nyingi zitashinda.

Ndani ya basi: siti za kulaza mgongo, mkanda wa lazima, choo nyuma, tundu la kuchajia simu. Kiyoyozi ni kikali. Nguo za baridi zikishaingia kwenye buti hamtazipata mpaka mshuke, kwa hiyo pandeni na kikoi au khanga nzito mkononi. Kikoi kitarudi kazini kama taulo ufukweni na pazia la kitanda hosteli. Intaneti ya ndani ni ya kutuma ujumbe, na kati ya miji mtandao hukatika kabisa. Pigeni picha ya tiketi kwenye skrini kabla ya kuondoka. Kwa laini ya simu, Boost ni chaguo zuri, kwani inatumia mtandao kamili wa Telstra, wenye minara mingi zaidi nje ya miji. Basi husimama kwa mapumziko kwenye vituo vya mafuta vyenye vyakula vya bei ya juu. Jazeni chupa mapema. Maji ya bomba ya mijini yananyweka.

Malazi. Wawili wakiona vitanda vya deka kwenye chumba cha pamoja hudhani ndiyo bei ya chini kabisa. Zidisheni kwa mbili kwanza. Nje ya msimu, vitanda viwili mara nyingi vinakaribia bei ya chumba cha watu wawili chenye mlango wa kufunga, na mkilala vizuri hamtanunua kifungua kinywa kwa hasira. Anzeni kwa kuangalia jiko, kisha kitanda. Hosteli yenye jiko dogo na wageni wengi inawasukuma mgahawani. Beba kufuli lako, inua godoro kwenye pembe utafute alama nyeusi za kunguni kabla hujafungua begi. Epukeni Gold Coast wiki za mwisho wa Novemba, vijana wanapomiminika kusherehekea kumaliza sekondari, na pwani nzima kuanzia Krismasi hadi mwisho wa Januari.

Chakula ndicho kinachoamua kama bajeti itafika Cairns. Maduka makubwa ya Woolworths na Coles hubandika vibandiko vya punguzo kwenye nyama na mikate inayokaribia tarehe, zaidi jioni. Kwa wawili kwa wiki: mchele kilo moja na nusu, oti kilo moja, mayai kumi na mawili, maharage ya kopo manne, vitunguu, nyanya, kabeji moja. Maharage makavu yaacheni. Hakuna jiko la hosteli litakalowapa saa mbili za moto. Pikeni saa kumi na moja jioni, kabla foleni ya masufuria haijaanza. Kila mfuko wa friji uandikwe jina na tarehe ya kuondoka, la sivyo usafi wa asubuhi unautupa.

Ugali unawezekana. Unga wa polenta ni mahindi, ila ni wa njano na punje zake ni kubwa, hivyo maji yawe mengi kuliko mlivyozoea na ukishasongwa ukae chini ya mfuniko, moto mdogo, dakika kumi hadi kumi na tano, la sivyo utakwaruza koo. Unga mweupe tafuteni Moorooka, kusini mwa Brisbane, mtaa wenye maduka ya Waafrika na stesheni yake ya treni. Ni senti 50 kutoka katikati ya mji. Msijaribu kuingia Australia na dagaa au nyama kavu kimyakimya. Kila chakula kinatajwa kwenye fomu, viatu vyenye udongo pia, na faini ya kuficha inaweza kumeza bajeti ya siku nyingi.

Kuna kitu cha bure ambacho wageni hukipita: majiko ya umeme ya kuchomea nyama kwenye bustani za ufukweni. Unabonyeza kitufe, bamba linapata moto, linajizima baada ya muda, unabonyeza tena. Futa kabla na baada. Bwawa la kuogelea la Esplanade huko Cairns, lile la Airlie Beach na la South Bank mjini Brisbane ni bure nayo. Kule kaskazini mabwawa hayo yana kazi kubwa kuliko starehe, kwa kuwa takribani Novemba hadi Mei bahari ina viwavi wa baharini wenye sumu ya kuua. Atakayeingia avae vazi la kufunika mwili, na aliyeumwa amiminiwe siki kwa angalau sekunde 30, ambayo fukwe nyingi huiweka tayari, huku namba 000 ikipigwa. Mito na midomo yake kule ina mamba wa maji chumvi. Kusini hatari ni mikondo inayovuta: ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano, si pembeni yake.

Je, gari la kulala ndani? Njia kuu ni kama kilomita 2,500, na michepuko inafanya 3,000. Gari linalokula lita 11 kwa kilomita 100 litataka lita 330. Lita ikiwa dola 2, hiyo ni dola 660 kabla ya kodi ya gari, dhamana, ada ya kuliacha mji mwingine na viwanja vya kulala. Byron na Noosa halmashauri hupiga faini wanaolala barabarani. Kwa watatu au wanne hesabu hugeuka. Kwa wawili na wiki tatu, pandeni basi. Gari lichukueni wakati wa kurudi kusini: kampuni zenye magari yaliyokwama Cairns huyatoa hata kwa dola 1 kwa siku ili yarudishwe, kwa muda mfupi usioongezeka. Wenye leseni za Tanzania au Kenya wachukue na kibali cha kimataifa. Kuendesha ni kushoto kama nyumbani. Msiendeshe jioni wala alfajiri nje ya miji, maana kangaruu hutoka wakati huo na mikataba mingi hukataza kuendesha usiku.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huingia kwa viza ya mgeni, aina 600, ambayo hairuhusu kufanya kazi. Ushauri mtakaousikia wa kusimama mji wa Bundaberg kuchuma matunda ili kujaza mfuko ni wa wenye viza ya likizo na kazi, kama Waswahili wenye pasipoti za Uingereza au Kanada. Wengine mje na bajeti yote.

Mwelekeo uwe kusini kwenda kaskazini, na miezi iwe Juni hadi Septemba. Kaskazini ni kikavu, viwavi wamepungua, na kuanzia Agosti nyangumi wako Hervey Bay. Mkienda kati ya Desemba na Aprili, mvua kubwa hukata barabara ya Bruce, ile kuu ya kwenda Cairns, mabasi yanasimama, na siku za pasi zinaendelea kuhesabika mkiwa mmekaa hosteli. Msimu huo acheni Whimit, nunueni tiketi ya kipande kimoja kila mnapoona barabara iko wazi.