Godot 4 kwa gemu ya giza na tochi: taa nzuri, ila haziambii skripti zinammulika nani

Gemu ya mlinzi anayezunguka na tochi usiku kati ya vibanda vya soko la Mwanjelwa, Mbeya, inadai vitu viwili: mwanga unaokingwa na vibanda, na jibu kama mlinzi amemwona mwizi. Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, inafanya la kwanza vizuri mno. La pili unaliandika mwenyewe.

Godot ni ya bure, kwa leseni huria ya MIT, na ukishaipakua haili bando. Kwa laptopu ya mtumba, chagua Compatibility, njia nyepesi ya kuchora picha, unapoanzisha mradi; hiyo inatumia OpenGL inayokubali hata kadi za picha za zamani, wakati Forward+ inahitaji teknolojia mpya zaidi kama Vulkan.

Katika Godot kila kitu ni nodi: giza ni nodi ya CanvasModulate, taa ni PointLight2D, na hapo ndipo wengi hukwama. Taa isiyo na tekscha, yaani picha ya umbo la mwanga, haiwaki. Tumia GradientTexture2D, tekscha ya rangi zinazofifia; huja na nyeusi mwanzoni na nyeupe mwishoni: zigeuze. Fill iwe Radial, From 0.5, 0.5 na To 1, 0.5. Ukiacha To kwenye 1, 0 unapata mwanga wa mraba, kwani unafika ukingoni mwa picha kabla haujafifia. Vivuli navyo huja vimezimwa. Washa Shadow, kisha kila kibanda kipe LightOccluder2D, nodi inayokinga mwanga. CollisionShape2D, umbo la kugongana, haikingi mwanga hata kidogo.

Usiitupe lakini. Kivuli huchorwa na GPU, yaani chipu ya picha, skripti haipati habari, kwa hiyo kumwona mwizi ni kazi ya intersect_ray, amri inayorusha mwale na kusema umegonga nini, na mwale huo unasimamishwa na maumbo ya kugongana kama CollisionShape2D, si na LightOccluder2D. Kibanda kinahitaji vyote viwili. Pima kwanza umbali na pembe ya tochi, halafu rusha miale mitatu: katikati ya mwili na mabega yote mawili. Mmoja wa katikati humkosa mtu aliyejificha nusu.

Kuandika mwanga wote mwenyewe kwa miale, bila PointLight2D, ni shule nzuri: mwale mmoja kutoka kwenye taa hadi kila kona ya kibanda, mingine miwili radiani 0.0001 huku na huku, panga miale kwa pembe zake (atan2 ndiyo inayozipata), jaza pembetatu kati yake. Ongeza kuta 4 za ukingo wa skrini, la sivyo mwale usiogonga kitu hauna mwisho na umbo la mwanga linaharibika. Ila hesabu ni nzito. Vibanda 20 vya mstatili pamoja na ukingo ni kona 84, miale 252, kuta 84: vipimo 21,168 kwa taa moja, kila fremu. GDScript, lugha ya skripti ya Godot, italemewa haraka, hivyo ondoa kwanza vibanda vyote vilivyo nje ya duara la taa.