Fimbo ya manyoya ya kuchezea paka, angalau miguu yetu imepona

Kama una paka mng'ataji nunua hiki kidude, kwa kweli kinasaidia. Ni fimbo ndefu ina uzi na manyoya mwishoni, basi. Wangu alikuwa anavizia chini ya kochi, ukipita tu anakurukia kifundoni, sasa ukorofi wote anamalizia kwenye manyoya, unayaburuza sakafuni kama panya anakimbia halafu unamwacha akamate kweli, ukimnyima kila saa anapandwa na mori anarudia mkono wako. Tunacheza kabla ya msosi, akishakula anajilamba analala zake.

Kasoro: manyoya yananyofoka haraka mno, na uzi lazima uufungie kabatini mkimaliza, akiumeza unaweza kumwumiza utumbo vibaya. Halafu msitegemee muujiza, kuna anayeng'ata sababu umemshikashika sana, huyo ukiona mkia unapigapiga na masikio yamelala we mwache tu. Na yule mpole aliyeanza ghafla kung'ata mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu mahali, fimbo haitibu hiyo. Nyota 4, ya 5 nimeinyima kwa ajili ya hayo manyoya.