Bandcamp kwa msanii wa harakati: duka zuri, redio mbovu

Tuanze na hukumu, sababu zitafuata. Kama unatunga nyimbo za kudai haki, huna lebo, na unataka mtu aliye Berlin, Minneapolis au Muscat akununulie albamu leo usiku, Bandcamp, tovuti ambako msanii anauza muziki wake moja kwa moja kwa msikilizaji, inapata nyota 4 kati ya 5. Kama unataka kijana wa Mbagala au Kayole ausikie wimbo kabla ya maandamano ya kesho, inapata 1, na hiyo moja ni ya huruma. Wengi wanaoilalamikia walihitaji kipaza sauti, wakaenda kufungua duka.

Na duka ndilo lilivyo. Tangu 2008 Bandcamp imejengwa juu ya jambo moja: msikilizaji anatoa fedha mfukoni, analipa, anapakua faili, faili inakuwa yake. Hakuna hesabu ya kusikilizwa mara ngapi. Tofauti hii ni kubwa kwa msanii mdogo kuliko inavyoonekana. Spotify, kuanzia 2024, hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Wimbo kuhusu wakulima waliohamishwa kwenye bonde moja, ulioimbwa kwa lugha ya bonde hilo, unaweza kuwa na wapenzi 300 wa kweli na usione senti. Kwa Bandcamp, 40 tu kati ya hao 300 wakinunua albamu ya dola 7, studio imelipwa.

Makato yako hivi. Kwenye muziki wa kupakua Bandcamp inachukua asilimia 15, inashuka hadi 10 ukishauza dola 5,000 ndani ya miezi 12. Kwenye bidhaa za kushikika (fulana, kaseti, sahani za santuri) ni asilimia 10 tangu mwanzo. Juu ya hapo kuna ada ya anayechakata malipo. Wenyewe wanasema kwa wastani asilimia 82 humfikia msanii, maana yake albamu ya dola 7 inakuachia kama dola 5.74. Ila wastani huo unaficha jambo. Ada ya kuchakata ina kipande kisichobadilika kwa kila muamala, kwa hiyo wimbo mmoja wa dola 1 unakatwa vibaya zaidi kuliko albamu. Ukiwa na nyimbo tatu za kampeni moja, zifunge pamoja kama EP (albamu fupi) ya dola 4 badala ya kuzitawanya kwa dola moja moja. Na usizime kile kisanduku kinachomruhusu mnunuzi kulipa zaidi ya bei. Watu wa ughaibuni wanaounga mkono hoja yako huongeza wenyewe bila kuombwa.

Bei ya sifuri nayo ina kanuni zake. Unaweza kuweka "lipa utakacho" na kiwango cha chini kikawa 0, lakini kila akaunti inapewa upakuaji wa bure 200 kwa mwezi. Zikiisha, mlango wa bure unafungwa, na kwa wimbo wa maandamano huo mlango hufungwa siku mbaya kuliko zote: siku wimbo umeshika moto. Dawa ni kuwasha sharti la kuacha baruapepe kabla ya kupakua bure. Wadoezi wanapungua, na wewe unabaki na orodha ya watu ambayo hakuna mitandao ya kijamii itakayokupa. Wanaotaka kusikia tu bila kupakua wasikilize pale pale kwenye ukurasa, hilo halikugharimu.

Sasa kasi, ambayo ndiyo inaipa Bandcamp heshima kwenye kazi hii. Ukipitia wasambazaji wanaopeleka nyimbo Spotify, Apple Music na Boomplay, hesabu siku kadhaa, na Spotify yenyewe inashauri uwapelekee wimbo angalau siku 7 kabla kama unataka wahariri wake waufikirie. Siasa za kwetu hazisubiri siku 7. Machi 2017, Ney wa Mitego aliachia wimbo wa kuikosoa serikali, akakamatwa, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ikaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, yote hayo ndani ya siku chache. Msanii aliyekuwa anasubiri msambazaji aidhinishe kava angekuta mjadala umeshahamia kwingine. Bandcamp ukibonyeza kitufe cha kuchapisha, na faili ikimaliza kubadilishwa, ukurasa uko hewani. Umegundua neno limekosewa ubeti wa pili? Unabadilisha faili ileile, kiungo kinabaki kilekile. Kwa msambazaji hiyo ni safari nyingine.

Ila kasi hiyo haina kinga. Kuuza kwenye tovuti ya Marekani hakukuondolei sheria za nchi uliyopo, wala usajili wa BASATA kwa aliye Tanzania. Wala hakukufichi, kwa sababu jina la ukurasa wako ndilo anwani yake.

Upakiaji. Bandcamp inapokea WAV, AIFF au FLAC pekee, yaani faili zenye sauti nzima. MP3 inakataliwa, na hapo ndipo wengi wanapofanya kosa: wanaichukua MP3 aliyowatumia prodyuza kwa WhatsApp, wanaigeuza WAV kwenye simu, na mfumo unaimeza bila kulalamika. MP3 hupunguza ukubwa kwa kukata sehemu ya sauti, na kilichokatwa hakirudi. Mnunuzi anayelipia FLAC anapata uchafu uliofungwa kwa karatasi nzuri. Mdai prodyuza wako masta (rekodi ya mwisho iliyokamilika) ya WAV ya biti 24 kabla hujamaliza kumlipa, kwa sababu ukishamlipa, "kompyuta imeharibika" huwa haiko mbali.

Kuna kikomo cha MB 291 kwa kila wimbo kwa akaunti mpya. WAV ya biti 16 na kHz 44.1 inakula karibu MB 10.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 ni MB 42 na huna shida. Shida ipo kwa rekodi ndefu za jukwaani. Kwa biti 24 na kHz 96, dakika moja ni MB 34.6, unagonga ukuta kabla ya dakika ya 9. Badilisha iwe FLAC, inapungua hadi karibu nusu bila kupoteza sauti, na bando lako pia litakushukuru.

Kava iwe na pikseli 1400 kwa 1400 au zaidi. Itengeneze ikisomeka hata ikiwa ndogo kama kucha, maana wengi wataiona kwenye simu. Picha ya umati wenye mabango haisomeki kwa ukubwa huo, na ina hatari nyingine: sura za watu. Anayeandamana hajakubali kuwa kava.

Kitu kinachopuuzwa ni ubora wa kusikiliza bila kununua. Hapo Bandcamp inacheza MP3 ya kbps 128. Wimbo wa dakika 4 unakula chini ya MB 4, jambo jema kwa mwenye bando la shilingi mia tano, lakini sauti za juu zinaumia. Kayamba, njuga na zile hai-hati (matoazi ya ngoma) za singeli inayokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika zinageuka mvumo wa maji. Kabla ya kupakia, geuza masta yako iwe kbps 128 mwenyewe, uisikilize kwa spika ya simu. Kama maneno yanazama, mwambie fundi apunguze kati ya kHz 8 na 12 kwenye ala na aziachie nafasi konsonanti za mwimbaji. Acha pia desibeli 1 ya nafasi juu kabisa, kwa sababu masta iliyobanwa hadi 0 hukwaruza ikigeuzwa MP3. Wimbo wa mapenzi unaweza kustahimili neno moja kupotea. Wimbo wa harakati uliopoteza jina la bwawa au la waziri umepoteza kazi yake.

Kila wimbo una sehemu ya mashairi. Ijaze. Andika kwa lugha uliyoimba, chini yake tafsiri, na mistari mitatu ya kueleza tukio, mahali na mwaka. Mfano mzuri upo. Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kigikuyu aliyefariki 2018, aliimba kuhusu mauaji ya mbunge wa Kenya J.M. Kariuki ya 1975, wakati kulitaja jambo hilo hadharani kulikuwa na gharama. Mjukuu wake anayebeba jina lilelile, mwanamuziki wa elektroniki anayejulikana kama KMRU, ndiye aliyeanza kuziweka kazi za babu kwenye Bandcamp. Mtu asiyejua neno la Kigikuyu hawezi kununua kaseti ya zamani barabara ya River Road, lakini hapo ananunua na kusoma. Kwa hifadhi ya aina hii sijui mahali panapoizidi.

Ukiwa hapo hapo kwenye ukurasa wa kuhariri, angalia leseni. Ikiachwa ilivyo, haki zote zinahifadhiwa. Unaweza kuchagua Creative Commons, mathalani ile inayoruhusu kunakili na kusambaza kwa kutaja jina lako bila kufanya biashara. Redio za jamii na watengeneza video wa maandamano watautumia bila woga. Lakini usiitoe leseni usiyonayo: kama mdundo (beat) uliununua mtandaoni kwa leseni ya kawaida isiyo ya kipekee, au umekata hotuba ya mbunge kutoka kwenye kituo cha televisheni, si mali yako kuigawa. Malalamiko moja ya hakimiliki yanautoa wimbo, na wanaotaka unyamaze wanalijua hilo.

Sasa fedha, na hapa nyota moja ilipopotelea. Bandcamp inamlipa msanii kupitia PayPal. Aliye Kenya ana njia: akaunti ya PayPal ya Kenya inapokea, na tangu 2018 inaweza kuunganishwa na M-PESA ukatoa kwenye simu. Utapoteza tena kidogo kwenye ubadilishaji wa dola kuwa shilingi, kwa hiyo kusanya kwanza, usitoe dola 6 kila siku. Tanzania na Uganda ni habari nyingine. Akaunti za PayPal za huko zimekuwa za kulipa, si za kupokea. Hakikisha hali ya akaunti yako kabla hujatangaza wimbo, si baada ya mauzo ya kwanza. Kusajili akaunti kwa nchi ya uongo ni kujichimbia shimo, kwani PayPal ikigundua inaweza kuzuia fedha hizo kwa siku 180.

Njia iliyo salama ni mbili. Ya kwanza, lebo yenye mfumo wa malipo: Nyege Nyege Tapes ya Kampala imekuwa ikiiuza singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam kwa Bandcamp tangu 2017. Ya pili, ndugu au rafiki aliye nje mwenye akaunti inayopokea. Hapo andikeni, hata karatasi moja: asilimia yake, siku ya kutuma, nani anabeba ada ya kutuma. Na baruapepe inayomiliki ukurasa wa Bandcamp iwe yako, yeye awe na ya PayPal tu. Udugu ukivunjika, unabadilisha anwani ya malipo na ukurasa unabaki.

Kwa upande wa kununua, hakuna malipo ya simu moja kwa moja. Mnunuzi anahitaji PayPal au kadi. Mkenya anaweza kujaribu kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay, lakini ukweli ni kwamba hatua zile zinamchosha mtu wa kutoa shilingi 200. Ndiyo maana kwa michango ya ndani, ya dhamana au ya hospitali, M-Changa, jukwaa la harambee la Kenya, inafanya kazi vizuri zaidi. Tumia Bandcamp kwa wa nje. Na ukiahidi kwamba mauzo yanakwenda kwa waliojeruhiwa, usiandike "fedha zote". Andika "kinachobaki baada ya makato", taja tarehe ya mwisho, kisha toa ripoti ya mauzo, ficha majina ya wanunuzi, uichapishe.

Ijumaa ya Bandcamp ilianza tarehe 20 Machi 2020, korona ilipofunga majukwaa, na siku ile wanunuzi walitumia dola milioni 4.3. Ijumaa chache kila mwaka kampuni inaacha fungu lake. Kosa la kwetu ni la saa. Siku hiyo inahesabiwa kwa saa za California: inaanza saa 4 asubuhi ya Ijumaa kwetu wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, saa 5 asubuhi wakati wa baridi yao, na inaisha saa hiyo hiyo Jumamosi. Ukitangaza Alhamisi usiku wa manane, fedha za mashabiki wako wenye haraka, ambao ndio bora, zinakatwa asilimia 15 kama kawaida. Panga tangazo la saa 5, kisha jingine Ijumaa usiku Marekani ikitoka kazini.

Akaunti ya Pro ya dola 10 kwa mwezi iache, labda kama unapakia makumi ya nyimbo kwa mpigo au unahitaji kuwatumia waandishi wimbo wa siri.

Na umiliki. Epic Games, kampuni ya michezo ya video, iliinunua Bandcamp Machi 2022, mwaka uliofuata ikaiuza kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi walibaki bila kazi, wakati chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimetambuliwa miezi michache tu kabla. Anayeimba kuhusu haki za vibarua ana sababu ya kukunja uso. Hana pia sababu ya kuamini kwamba mwenye duka wa mwakani atakuwa yuleyule. Kila mwisho wa mwezi ingia kwenye zana za ukurasa, shusha orodha ya baruapepe ya mashabiki na ripoti ya mauzo, zihifadhi kwenye flashi pamoja na masta za WAV, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine.