Dhumna, keram, karata, bao au ludo: ununue upi kwanza kwa ajili ya familia

Mchezo mzuri kwenye boksi si lazima uwe mzuri mkekani. Kabla ya kutoa pesa jiulize mambo matatu: watacheza wangapi kwa pamoja, mtoto mdogo kuliko wote ataweza nini, na kipande kimoja kikipotea itakuwaje. Anayesubiri zamu muda mrefu hurudi kwenye simu yake, na mchezo uliopungukiwa vipande huishia juu ya kabati. Orodha hii imepangwa kwa vigezo hivyo, wala si kwa bei.

1. Dhumna

Wengi wangetanguliza karata. Dhumna inazipita kwa sababu mtoto wa miaka mitano asiyejua kusoma anaweza kulinganisha nukta, huku babu yake akihesabu kimyakimya kilichobaki mikononi mwa wenzake, na wote wamo katika mchezo mmoja. Seti ya kawaida ina vipande 28. Watu wanne hupata saba saba, wakacheza wawili kwa wawili, wenza wakikaa wakitazamana, na hakuna kipande kinachobaki. Wakiwa watatu, saba hubaki chini vya kuchota. Isitoshe, zipo nyumba ambazo karata haziingii kwa sababu ya kunuka kamari. Dhumna haina shida hiyo sana.

Dukani anza na unene. Simamisha kipande kwa ubavu wake mrefu juu ya kaunta, kisha gonga kaunta kwa kiganja. Kikianguka, kiache. Kila mchezaji husimamisha vipande vyake mbele yake, na vyembamba vitakuwa vinaanguka na kumwonyesha jirani kila kitu. Pitisha ukucha kwenye nukta: zilizochimbwa kisha zikatiwa rangi hudumu, zilizochapwa juujuu hufutika kwa jasho la mikono. Geuza vipande vyote uangalie migongo. Kimoja chenye alama au rangi tofauti kinatosha kuharibu mchezo, maana mwenye macho makali atakikariri. Ukikuta seti yenye kichwa cha msumari wa shaba katikati ya kila kipande, ni nafuu kubwa, kwani wakati wa kuvuruga uso hauburuziki mezani. Vya mbao huvutia, ila hewa ya pwani huvivimbisha na kona zake hubanduka.

Hesabu kabla ya kulipa. Kila namba, kuanzia tupu hadi sita, lazima ionekane kwenye vipande saba. Seti za bei ya chini mara nyingine huwa na kipande kilichorudiwa na kingine kisichokuwemo. Ukihesabu 28 tu hutagundua.

2. Keram

Huu, wa kupiga kete kwa kidole ziingie mashimo ya kona za ubao, ndio mchezo utakaowainua vijana kitandani, nao ungekuwa wa kwanza kama si ukubwa wake. Uwanja wa kuchezea katika ubao wa kiwango cha mashindano una upande wa sentimita 74, ukiongeza fremu unahitaji meza yake au kigoda imara. Vibao vidogo vya watoto havina raha kwa mtu mzima; kidole hakipati nafasi ya kulenga. Kama nyumba ni chumba kimoja na sebule, ruka hadi namba tatu.

Uzuri wa ubao ni unyoofu wake na jinsi unavyorudisha kete. Weka rula ndefu, au vuta uzi, kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Ukiona mwanga chini ya rula katikati, ubao umebonyea, na kete zote zitakuwa zinakimbilia hapo. Plaiwudi iwe ya milimita 8 au zaidi. Halafu omba kete kubwa ya kupigia, ipige kwa nguvu iende ukuta wa pili: kwenye ubao mzuri huvuka uwanja mara tatu na nusu kabla ya kusimama. Ikivuka mara moja na kufia katikati, fremu ni laini au haikushikwa vizuri. Chungulia maungio ya kona pia. Penye ufa, kete itaruka ovyo.

Ndani kuwe na kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na moja nyekundu. Kete ya kupigia isizidi gramu 15, kwa sababu nzito zaidi hupasua nyingine.

Kuhusu poda: wengi hutumia ya asidi ya boriki, ambayo ni sumu ikimezwa. Penye watoto wadogo tumia wanga laini wa mahindi, ule wa kutia uzito kwenye mchuzi, kidogo tu. Ukimaliza futa kwa kitambaa kikavu. Maji ni adui wa ubao huu, na kuuegemeza ukutani miezi mizima kunaukunja, ulaze.

3. Karata

Ni rahisi kubeba, na michezo yake haiishi, kuanzia lasti kadi ya watoto hadi arubastini yenye turufu zake. Kwa pwani nunua za plastiki, kwa kuwa za karatasi hushikana kwa unyevu ndani ya wiki chache. Kunja pakiti kidogo kisha uiachie: inapaswa kunyooka yenyewe. Chukua karata moja uimulike kwa tochi ya simu kwa nyuma. Ukiweza kusoma namba yake, hata mpinzani wako ataisoma akikaa dirishani. Ziwe 52, yaani 13 za kopa, 13 za uru, 13 za pau na 13 za shupaza, na jokeri mbili. Usizitupe jokeri. Karata ikipotea, andika jina lake kwenye jokeri kwa kalamu ya wino usiofutika, mchezo uendelee. Familia ya watu zaidi ya watano inunue pakiti mbili.

4. Bao

Kwa heshima bao lingekaa juu kabisa. Tatizo ni kwamba hucheza wawili, na waliobaki ni wasemaji tu (ingawa wasemaji wa bao nao wana mchezo wao).

Hapa ndipo wanunuzi hupigwa zaidi. Mabao mengi ya maduka ya watalii ni pambo: mashimo mafupi, au safu mbili tu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Shimo liitwalo nyumba liwe la pembe nne, nalo ni la nne kutoka mkono wa kulia wa kila mchezaji, kwenye safu ya mbele. Mimina komwe (mbegu ngumu zinazotumika kama kete) 15 katika nyumba: zikae bila kumwagika, nawe uweze kuzizoa kwa mkupuo mmoja. Tazama ncha za ubao. Mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka kuanzia huko. Ongeza komwe sita za akiba, na watoto walio chini ya miaka mitatu wasizichezee, zinakaba.

Wanaoanza waweke kete mbili kila shimo. Wakizoea, waingie kwenye namua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi: sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi.

5. Ludo

Chagua yenye nyoka na ngazi upande wa pili. Bandika utepe wa gundi ya karatasi nyuma ya mkunjo siku ileile, maana hapo ndipo hukatikia. Pande za dadu zinazotazamana zijumlishe 7. Mtoto anayekosa sita raundi nzima hulia, basi mruhusuni aanze na kete moja nje.

Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, haifai kwa Kiswahili bila marekebisho: ina K moja na Z moja tu, na Q na X hazina kazi. Mkiamua kuinunua, andikeni K juu ya hizo mbili.

Drafti msinunue. Chukueni kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, mchore miraba 64 ya sentimita tano, mkusanye vizibo 24 vya soda; 12 vitazame juu, 12 chini, na vichache vya ziada vya kupandisha kingi.